Mguu wa Mama Chuma

Tarehe 4 Machi

Leo nimepigwa picha kama mtuhumiwa. Nimesimamishwa ukutani pale mapokezi, taa ya duara ikanimulika machoni, na kijana ambaye angeweza kuwa kitinda mimba wangu akaniambia, "Mama, legeza mashavu kidogo."

Nilegeze mashavu! Nimeanza kufundisha watu kuendesha gari kabla huyu hajapanda baiskeli ya magurudumu matatu, na hajatokea mtu wa kuniuliza habari za mashavu yangu.

Mambo yenyewe ni haya. Mwenye shule yetu ya udereva zamani alikuwa dereva wa lori na sote tulimwita Bosi. Amekwenda semina, amerudi, sasa anataka aitwe Mkurugenzi. Huko kafundishwa kwamba kila mtu ni bidhaa na kila bidhaa lazima iwe na chapa yake. Ndiyo maana kamleta huyu Kijana wa Chapa atutengeneze. Picha zetu walimu zitabandikwa ukutani, chini ya kila picha maneno matatu ya sifa, na mwanafunzi akiingia atachagua mwalimu anayempenda kama mtu anayechagua soda kwenye friji.

Nikamwambia, "Mwanangu, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Kanijibu bila kupepesa macho: "Hiyo ilikuwa zamani, mama. Siku hizi hata kizuri kinajitembeza. Kikijifungia ndani nani atajua kama kipo?"

Nimerudi nyumbani nikaongea mpaka mume wangu akasimamisha cherehani. Yeye ni fundi nguo, anashonea hapo barazani, masikio yake hayana pa kukimbilia. Mwisho kaingia ndani katoka na daftari hili. "Andika, mke wangu. Karatasi haichoki. Mimi nina suruali za watu hapa." Basi naandika.

Tarehe 5 Machi

Mvua ya kwanza. Barabara ya nyuma ya shule tayari ni uji.

Tarehe 7 Machi

Picha zimebandikwa. Katikati, kubwa kuliko zote, ni ya yule mwalimu mwenzangu tunayemwita Asali. Kaegemea gari, miwani ya jua kaipandisha kichwani, meno yote nje kama anatangaza dawa ya mswaki. Chini yake: *Mcheshi. Mvumilivu. Rafiki.* Mimi niko pembeni karibu na swichi ya taa, nimekunja uso. Maneno niliyachagua mwenyewe: *Mkali. Makini. Habahatishi.* Kijana wa Chapa aliniomba nibadilishe hata moja. Nikamwambia hilo la kwanza ndilo linalobeba mengine.

Wanafunzi wananiita Mama Chuma. Jina sikujipa, nimepewa, na nalipenda. Kila gari letu lina pedali ya pili ya breki upande wa mwalimu, na mguu wangu wa kulia haujawahi kulala kwenye pedali hiyo. Kabla mwanafunzi hajaona shimo, mimi nimeshakanyaga. Gari langu halijagonga hata kuku. Hiyo ndiyo chapa, kama chapa ni lazima.

Kando ya picha kumebandikwa tangazo lenye sahihi na muhuri wa Mkurugenzi. Mwalimu atakayefika mwisho wa mvua bila hata mwanafunzi mmoja aliyefaulu atarudisha ufunguo wa gari na kuhamia mapokezi kupokea simu. Mimi kupokea simu! Kwa sauti hii? Watu watadhani wamepiga polisi.

Tarehe 10 Machi, Jumapili

Mume wangu anadai kwamba kila akipita na birika la moto, mimi hapa mezani nakanyaga sakafu kwa mguu wa kulia. Nimemwambia aache uzushi.

Tarehe 12 Machi

Hakuna aliyenichagua. Asali ana foleni mpaka mlangoni. Binti mmoja kasimama mbele ya picha yangu, kaiangalia, kamwambia mwenzake, "Huyu anafanana na mama mkwe." Nilikuwa nimekaa nyuma yao, nikakohoa. Wakaruka kama panzi.

Nimeketi ndani ya gari langu mchana kutwa nikisikiliza mvua kwenye bati la gereji. Najua Asali anavyofundisha. Anachelewa kufika, anawagawia wanafunzi peremende, anawasimulia hadithi, wakikosea anacheka nao. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini nani atasikia? Nimeudhika mpaka nimeshindwa kula.

Tarehe 15 Machi

Nimepata mmoja! Mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mwendo wa polepole, mkoba wake mzito umejaa sijui nini. Ni mkunga kwenye zahanati ya ng'ambo ya mto. Kasimama mbele ya ukuta muda mrefu kisha akanyoosha kidole: "Huyu hapa."

Kijana wa Chapa alishangaa mpaka akamuuliza sababu.

"Hawa wengine wanacheka kama wanataka kuniuzia simu," Mkunga akasema. "Huyu anaonekana yuko kazini."

Nilimtazama Kijana wa Chapa na sikusema neno. Ilinigharimu.

Tulipokaa garini kanieleza shida yake. Zahanati ina gari moja na dereva mmoja, naye anaacha kazi mwisho wa Mei, na hakuna pesa ya kuajiri mwingine. Wakati wa mvua maji yakipanda, wajawazito wa upande ule hawana njia isipokuwa gari hilo. "Nikipata leseni, nitaendesha mwenyewe. Nisipopata, gari litakaa uani kuku watagie."

"Utapata, dada," nikamwambia. "Uko na Mama Chuma."

Tarehe 18 Machi

Somo la kwanza. Ana mikono mizuri, mitulivu. Gia anaingiza bila kulazimisha. Ila breki anachelewa mno. Nimemkanyagia kwenye kona, nimemkanyagia sokoni, nimemkanyagia kwa mwanakondoo aliyekuwa amefungwa kamba na wala hakuwa na safari. Kila mara anasema, "Asante, Mwalimu."

Tarehe 20 Machi

Vilevile.

Tarehe 26 Machi

Mvua kubwa. Tumekwama kwenye tope chini ya mteremko wa mto, magurudumu yanazunguka tu. Gari la Asali lilikuwa linapita. Nikajua sasa atatoa simu apige picha, kesho niwe ukutani nimezama. Badala yake kavua viatu vyake vyeupe, kakunja suruali, kaingia kwenye tope mpaka magotini akatusukuma. Miwani ilianguka akaikanyaga mwenyewe.

Nilipomshukuru, akacheka kama kawaida yake. Nikamuuliza, kwa hasira kidogo, kinachomchekesha kila saa ni nini.

"Naogopa, mama," akasema. "Kila nikiingia garini na mtu asiyejua kuendesha, tumbo linanikata. Nisipocheka mikono inatetemeka, wakiona inatetemeka na wao wanaogopa. Sasa nifanyeje?"

Sikutegemea jibu hilo. Nimemwambia akanunue miwani mingine. Bado sizipendi peremende zake.

Tarehe 2 Aprili

Mvua. Somo. Nimemkanyagia Mkunga mpaka goti linauma.

Tarehe 16 Aprili

Mkunga ameanguka mtihani.

Naandika hili kwa hasira. Mtahini ni yule mzee wa kofia, mtu wa haki, sina ugomvi naye. Alikaa kwenye kiti changu wakatoka. Waliporudi Mkunga alishuka akiangalia chini. Nikamfuata mtahini kumuuliza kuna nini.

"Anasubiri," akasema.

"Anasubiri nini?"

"Sijui. Anaona kizuizi, nimemwona kwa macho yangu anakiona, halafu anasubiri. Nimelazimika kukanyaga mimi. Mwanafunzi wako anajua kila kitu ila anasubiri."

Anasubiri! Huo mtihani au mashairi? Mtu hafeli kwa kusubiri. Nimemlaumu mtahini, nimeilaumu mvua, nimemlaumu hata Kijana wa Chapa aliyekuwa amesimama pale na simu yake akitaka "sura ya ushindi". Mkunga peke yake hakulaumu mtu.

"Ni mimi, Mwalimu," akasema. "Mimi ni mzito. Bila wewe ningeshaua watu."

Ana nafasi moja tu kabla dereva wao hajaondoka: mtihani wa mwisho wa Mei. Na mimi, ukiniuliza, nina nafasi hiyo hiyo moja. Hakuna mwingine aliyenichagua.

Tarehe 19 Aprili

Mkurugenzi kaniita ofisini. Kiti kipya cha kuzunguka, anazunguka nacho anapoongea. Anasema chapa yangu "haisomeki". Anashauri nipakwe poda nipigwe picha upya. Nimemuuliza kama breki zinakanyagwa kwa poda. Kazungukia dirishani.

Tarehe 3 Mei

Pedali yangu inakwaruza. Nimelipeleka gari kwa fundi wetu wa gereji na kumwambia alitazame. Kaitikia "sawa" ile ya kwake, ambayo haina maana yoyote.

Tarehe 7 Mei

Gari limerudi. Mkurugenzi alilitaka haraka kwa sababu Kijana wa Chapa alikuwa analipiga picha. Pedali yangu leo ni laini kama siagi, haikwaruzi kabisa. Kwa mara ya kwanza fundi yule amefanya kazi nikaridhika, nitamwambia.

Na ilikuwa siku ya kuhitaji breki! Mvua ilitukuta kwenye mteremko, vifuta kioo vikashindwa. Mkokoteni wa mbao ukatokea pembeni, nikakanyaga, tukasimama. Mbele tena watoto wa shule na mwavuli mmoja watu sita, nikakanyaga, tukasimama. Karibu na daraja maji yalikuwa yamekata barabara. Nilikanyaga kwa nguvu zangu zote na tukasimama hatua chache kutoka kwenye maji. Mkunga alikuwa anahema.

"Umetuokoa, Mwalimu."

"Ndiyo kazi yangu," nikamwambia.

Nimerudi nikasimulia mapokezi, wote wasikie, hasa Kijana wa Chapa. Nikamwambia: unatafuta chapa? Chapa ni huu mguu. Asali alipiga makofi. Nyumbani nimesimulia tena, na mume wangu kauliza swali la kipuuzi: Mkunga yeye alikuwa anafanya nini wakati huo? Nimemwambia alikuwa ameshika usukani, angefanya nini tena?

Tarehe 8 Mei

Sijui nianzie wapi. Sijawahi kukasirika namna hii, na nimekasirika mara nyingi.

Asubuhi nilipita gereji kumpongeza fundi. Nimembebea hata maneno mazuri, mimi, nisiyembebea mtu maneno mazuri. Nikamwambia pedali imekuwa laini, hongera.

Akaniangalia. Akafuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu, mikono ambayo haijawahi kuwa safi.

"Mwalimu, ile pedali haijafungwa."

"Haijafungwa vipi?"

"Kile chuma kinachounganisha pedali yako na ya mwanafunzi nimekitoa, kimelika. Nasubiri kingine. Pale kuna springi tu. Nilimwambia Mkurugenzi gari lisitoke. Akasema linatoka kupigwa picha."

Nilimwambia arudie. Akarudia.

Nilipiga kelele mpaka njiwa wakatoka kwenye paa la gereji. Nilimwambia anajua ametaka kuua nani? Anajua tulikuwa wapi jana, kwenye mteremko, kwenye mvua, na watoto barabarani? Na nilikuwa na haki ya kupiga kelele, mpaka sasa ninayo. Gari la kufundishia bila breki ya mwalimu halitoki nje ya geti, hata kwa kusukumwa, hata kwa picha ya nani. Nikatoka pale nikaenda ofisini kwa Mkurugenzi nikaanza upya.

Ni katikati ya kelele hizo, nikiwa nimeshika meza yake, ndipo lilipoingia lile swali la mume wangu. Mkokoteni ulitukosa. Watoto walivuka. Kwenye maji tulisimama. Kama mguu wangu ulikuwa unakanyaga springi, gari lilisimamishwa na nani?

Nikanyamaza. Mkurugenzi akadhani nimechoka.

Tarehe 9 Mei

Gari limeunganishwa pedali, nimesimamia mwenyewe mpaka parafujo la mwisho. Halafu Mkurugenzi kaniita, mlango kaufunga, kiti hakikuzunguka.

"Mama Chuma, hili jambo tulifunike. Hakuna aliyeumia. Ikisikika kwamba gari limetoka bila breki, chapa ya shule imekwisha. Na yako pia, fikiria. Umesimulia juzi pale mapokezi, mbele ya wote, jinsi mguu wako ulivyookoa watu."

Alikuwa ametayarisha. Nikimficha Mkunga jambo hili, gari litabaki langu, afaulu asifaulu, na picha yangu itapandishwa pale katikati, pembeni ya Asali. Nikisema, lile tangazo la ukutani litanihusu mimi wa kwanza.

Ningependa kuandika kwamba nilipindua meza. Nilisema nitafikiria.

Tarehe 10 Mei

Nafikiria.

Tarehe 13 Mei

Somo na Mkunga. Nimeuangalia mguu wake badala ya barabara. Anauinua mapema. Anaona ng'ombe, mguu unainuka unasogea kwenye breki, halafu unakaa hapo juu ukisubiri wangu. Nikakanyaga. Ukarudi chini. "Asante, Mwalimu."

Mguu wake haujawahi kuchelewa. Wangu ndio uliokuwa unawahi. Siku ile ya mvua wangu ulipotoka mtupu, wake ulikuja ukafanya kazi, na sisi wawili tukausifu wangu.

Alipokuwa anashuka akasema, "Nikipata gari la zahanati sijui nitafanyaje, hutakuwepo." Alisema kwa utani. Nimeona haya hadi mgongoni.

Tarehe 14 Mei

Nataka nijiulize mwenyewe kwa nini sisemi, na nijijibu bila kujionea huruma. Siyo gari. Siyo simu za mapokezi. Ni lile jina. Nimemcheka Kijana wa Chapa tangu Machi na taa yake ya duara, kumbe mimi nimejitengenezea chapa miaka mingi kabla yake, na nimeiuza kwa kila aliyekaa kwenye usukani wangu. Mimi ni chuma, kwa hiyo wewe ni udongo. Mimi nakuokoa, kwa hiyo wewe ni wa kuokolewa. Sijamwambia mtu maneno hayo. Mguu ndio uliokuwa unasema, na wameusikia.

Asali anawaonyesha uso asio nao ili wasiogope. Mimi nimewaonyesha wangu wa kweli na wameogopa. Sijui hapo nani mwongo zaidi, na linaniudhi sana swali hili.

Jioni mume wangu katoka jikoni na birika la moto. Sakafu ikalia *pwa*. Wote wawili tukauangalia mguu wangu.

"Mimi sijasema kitu," akasema.

Tarehe 17 Mei

Mvua siku tatu mfululizo. Mto umepanda. Mkunga hakuja, alikuwa zahanati, dereva alikuwa safarini na mama mmoja alibebwa na majirani kwenye mlango wa mbao. Mama na mtoto wazima. Mkunga kanisimulia kwenye simu kama mtu anayesimulia bei ya nyanya.

Nimekata simu nikakaa. Hapa natunza picha ya ukutani, na kule watu wanabebwa kwenye milango.

Tarehe 20 Mei

Nimemwambia.

Tulisimama juu ya mteremko, injini nikamwambia azime. Nikamweleza yote: chuma kilichotolewa, springi, mkokoteni, watoto, maji. Nikamwambia siku ile mguu wangu haukufanya lolote isipokuwa kelele. Nikamwambia pia kwamba shule ilimtoa barabarani kwenye gari lisilofaa, na kwamba ana haki ya kwenda kushtaki, na nitakuwa shahidi wake. Nilisema haraka haraka nikiangalia kioo cha mbele.

Akageuka kunitazama. Nikasubiri anitukane, nami nilikuwa nimejiandaa, nimevaa hata viatu vya kutembea, akinishusha nirudi kwa miguu.

"Wewe ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa sijui."

"Ulikuwa unakanyaga kweli kweli?"

"Kwa nguvu zangu zote."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, anacheka mpaka mkoba ukaanguka mapajani na vitu vyake vikamwagika chini.

"Kwa hiyo mtoto nilimzaa mwenyewe," akasema akifuta macho. "Wewe ulikuwa umeshikilia pazia!"

Halafu akaacha kucheka, akawa mkali kunishinda. Akasema mkurugenzi wangu atamsikia, lakini baada ya leseni. Akasema kama ningenyamaza hadi mtihani asingenisamehe, na kwamba bado hajaamua kama amenisamehe. Akaniambia nitoe miguu yangu pale kwenye pedali niiweke mahali isipoweza kuifikia.

Nikaikunja chini ya kiti. Tukateremka mlima. Mbuzi akavuka. Nilishika mpini wa mlango mpaka kucha zikaniuma. Akakanyaga. Tukasimama taratibu kabisa, mbuzi hata hakugeuka.

Hakusema asante.

Tarehe 21 Mei

Mkurugenzi anajua. Nilimwambia mwenyewe. Amesema nimeiua shule. Nimemwambia shule yenyewe nusura iue watu.

Tarehe 24 Mei

Miguu chini ya kiti. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya hapa, na hakuna anayeiona.

Tarehe 29 Mei

Mtihani. Mvua nyembamba tangu alfajiri.

Mtahini wa kofia kaniruhusu nikae nyuma, nikae kimya. Nyuma hakuna pedali, lakini nilijijua, nikavua viatu nikapandisha miguu juu ya kiti kama mtoto, nikaikalia. Asali alikuwa getini. Hakucheka. Hapo ndipo nilipojua anaogopa kwa ajili yetu.

Mteremko. Kona ya soko. Nilikuwa naona kila kitu mapema: baiskeli, dimbwi, mzee na fimbo yake. Mguu wa Mkunga ulikuwa unainuka na kushuka bila kumuuliza mtu. Kwenye daraja lori likapita katikati ya barabara, dereva akipiga honi kana kwamba daraja kalijenga baba yake. Nikamwona mtahini anainua mguu wake kuelekea pedali. Miguu yangu chini yangu ilikuwa inakufa ganzi. Nilifumba macho, nakiri, nilifumba.

Gari lilisimama. Nilipofumbua, mguu wa mtahini ulikuwa bado uko hewani, haujagusa kitu. Akaurudisha chini polepole.

"Kusubiri kule umekuacha wapi?" akamuuliza.

"Sikuwa na wa kumsubiri," Mkunga akajibu.

Amefaulu. Nimelia, mbele ya mtahini, peku, na sijali.

Alipotoka na karatasi yake aliingia moja kwa moja kwa Mkurugenzi. Mlango haukufungwa vizuri, tukasikia sauti yake ile ya polepole ikimpangia: kila gari likaguliwe kabla ya kutoka getini, fundi akisema halitoki lisitoke, na yeye atapita kuangalia, maana sasa ana gari. Mkurugenzi alikuwa anaitikia "ndiyo, mama" kama mtu aliyeko leba.

Mimi hakuweza kunigusa. Tangazo la ukutani linasema mwanafunzi mmoja aliyefaulu. Lina sahihi yake na muhuri.

Tarehe 31 Mei

Mvua imekata. Leo nimemwita Kijana wa Chapa mwenyewe, kwa hiari yangu, nikamwambia alete taa yake ya duara. Alifurahi akaanza kupanga poda. Nikamwambia poda aweke mbali, aingize kichwa chini ya dashibodi. Amenipiga picha ya miguu: viatu vyangu vya tope, vimesogezwa chini ya kiti, na pedali kule mbele iko peke yake. Nimeibandika mahali pa ile ya zamani, karibu na swichi ya taa.

Mkurugenzi kaja mbio. "Nani duniani atamchagua mwalimu kwa miguu?"

Kijana wa Chapa kaitazama kwa muda, kichwa kakiinamisha upande. "Maneno matatu tuweke gani, mama?"

"Usiweke neno."

Mchana kaingia mwanamume mmoja kiwiko kikiwa na bandeji, anasema ameshaanguka mtihani kwingine na mkewe hamwamini hata na toroli. Kasimama mbele ya ukuta. Kampita Asali na miwani yake mipya, kawapita wengine, kafika kwenye swichi ya taa, kainama.

"Huyu wa miguu," akasema. "Yuko wapi?"

Nikamwambia yuko nyuma yako, na kama umemaliza kushangaa twende ukafunge mkanda.